Jino Limeng'olewa: Mama, Litunze Donge la Damu



Kila tunapokutana katika vikundi vyetu, maswali ya meno hayakosekani. Mama ameumwa jino miezi mitatu, amelala na kanga imefungwa shavuni, amekwenda hospitali kwa hofu, na hatimaye jino limeng'olewa. Akitoka pale anashusha pumzi na kusema, "Basi, yamekwisha." Jioni ile ile yuko kinuni anatwanga, au anainama mbele ya moto na chungu cha wali, kwa sababu watoto lazima wale.

Akina mama, hapo hayajakwisha. Jino likitoka, ugonjwa wa jino umekwisha, lakini kidonda kimeanza. Na kidonda hiki si kama cha mguu. Hakifungwi bendeji, kiko mlangoni pa chakula, na kimelowa mate mchana na usiku. Akikitunza vizuri, mtu hupona bila shida. Akikidharau, anaweza kupata maumivu makubwa kuliko yale yaliyompeleka hospitali. Na mara chache, lakini hutokea, kidonda cha jino hugeuka kuwa ugonjwa wa kuua. Kwa hiyo mwezi huu tuzungumze juu ya siku zile baada ya jino kutoka.

Ndani ya shimo kunatokea nini?

Jino likitoka, shimo lililobaki katika mfupa wa taya hujaa damu. Kwa muda mfupi damu hiyo huganda na kuwa donge. Donge hilo ndilo bendeji ya asili. Linafunika mfupa na mishipa ya fahamu iliyo chini yake, linazuia damu isiendelee kutoka, na juu yake ndipo nyama mpya inapoota.

Katika juma la kwanza nyama laini huanza kuota pembeni na kujaza shimo. Kwa kawaida baada ya majuma matatu au manne ufizi umekwisha kufunga juu. Mfupa ndani huchukua muda mrefu zaidi, miezi mitatu hadi sita au hata kupita. Kwa hiyo usishtuke ukipapasa kwa ulimi baada ya majuma mawili ukakuta bado pana bonde.

Karibu kila agizo unalopewa na mganga wa meno lina shabaha moja: donge lile lisitoke mahali pake. Ukilielewa hilo, huna haja ya kukariri maagizo.

Saa 24 za kwanza

1. Uma gozi uliyowekewa kwa muda wa nusu saa au zaidi kidogo. Uma kwa nguvu ya kutosha, wala usiitoe kila dakika kuchungulia. Kila ukichungulia unalivuta donge.

2. Usisukutue kinywa kabisa siku hiyo, hata kwa maji ya chumvi. Usiteme mate kwa nguvu. Mate yakijaa, yameze, au yaache yadondoke yenyewe. Mate yenye rangi ya pinki siku ya kwanza ni jambo la kawaida. Tone moja la damu hupaka rangi mate mengi.

3. Usifyonze kitu. Dafu ni chakula chema kwa mgonjwa, lakini usilinywe kwa mrija. Limimine katika kikombe. Kufyonza huvuta donge kama pampu inavyovuta maji.

4. Usinywe chai ya moto wala uji wa moto. Joto huyeyusha donge na kufungua mishipa ya damu. Subiri vipoe.

5. Usitafune mpaka ganzi iishe. Wengi wamejiuma midomo na ulimi bila kujua.

6. Pumzika. Usitwange, usibebe ndoo ya maji kichwani, usipasue kuni, na usiiname kwa muda mrefu. Kazi nzito hupandisha msukumo wa damu, na kidonda hufumuka. Usiku lala na mito miwili ili kichwa kiwe juu.

7. Shavu likianza kuvimba, weka kitambaa kilicholoweshwa maji baridi, au barafu iliyofungwa ndani ya kanga, kwa dakika kumi na tano, kisha ondoa, kisha rudia. Uvimbe wa kawaida hufikia kilele siku ya pili au ya tatu, halafu hupungua.

Juu ya hilo la sita, nina neno kwa akina baba wanaosoma ukurasa huu kwa kuibia. Mkeo akirudi kung'olewa jino, siku mbili hizo kinu na ndoo ni vyako. Na wewe mama, usisubiri akisie. Mwambie kabla ya siku yenyewe, "Kesho kutwa nakwenda kung'oa jino, nitahitaji kupumzika." Panga na binti, na mkwe, na jirani. Kupumzika huku si uvivu.

Damu ikikataa kukatika

Kaa kitako, usilale. Chukua kipande cha kitambaa safi kilichopigwa pasi au gozi, kikunje kiwe kinene, kilowanishe kidogo kwa maji yaliyochemshwa yakapoa, kiweke juu ya shimo lenyewe, kisha uma kwa nusu saa kamili kwa saa ya ukutani. Kama kuna mfuko mdogo wa majani ya chai nyumbani, unaweza kuutumia badala ya kitambaa, ukiwa umeloweshwa na kupoa. Majani ya chai yana kitu kinachosaidia damu kuganda.

Ukifanya hivyo mara mbili na damu nyekundu bado inajaa kinywani, nenda hospitali hata kama ni usiku.

Kwa sababu hiyo nawashauri kina mama wa visiwa vidogo, wa Kojani, Fundo, Makoongwe na Kisiwa Panza, waende kung'oa jino asubuhi na mwanzoni mwa juma. Damu ikisumbua mchana kuna chombo cha kuvuka na kuna mganga kazini. Ikisumbua saa nane za usiku huku bahari imechafuka, ni habari nyingine. Vilevile usipange kung'oa jino leo na kupanda boti ya Unguja leo hiyo hiyo. Mwenye kutapika baharini hutapika na donge lake.

Kuanzia siku ya pili

Sasa ndipo maji ya chumvi yanapokuja. Chukua nusu kijiko cha chai cha chumvi, koroga katika gilasi ya maji ya vuguvugu yaliyochemshwa. Jaza kinywa, inamisha kichwa upande wa kidonda, tulia kidogo, kisha acha maji yatoke yenyewe. Usisukutue kwa kishindo kama mtu anayesafisha chupa. Fanya hivyo kila baada ya kula na kabla ya kulala, kwa muda wa juma moja.

Piga mswaki meno mengine kama kawaida, ukizunguka kidonda kwa uangalifu. Kinywa kichafu huchelewesha kupona.

Chakula kiwe laini na kisiwe cha moto: uji wa mchele, bokoboko, ndizi za kuiva zilizopikwa, muhogo wa kuponda kwa tui, mayai, supu ya samaki iliyochujwa miiba, papai na parachichi. Tafuna upande mwingine. Kwa siku kadhaa achana na muwa, pweza, mkate wa mofa, bisi, kashata na njugu. Vipande vyake vidogo huingia shimoni na kuoza humo. Urojo wa pilipili nao usubiri.

Anayevuta sigara aache kwa siku tatu angalau, na akiweza aache moja kwa moja. Moshi hubana mishipa midogo ya damu, na kuvuta kwenyewe ni kufyonza. Bibi zetu wanaotafuna tambuu wasiione sigara peke yake kuwa ndiyo mbaya. Chokaa na tumbaku ya kutafuna juu ya kidonda kibichi ni kama kutia chumvi na moto pamoja.

Maumivu yanayorudi siku ya tatu

Kwa kawaida maumivu hupungua kila siku. Lakini wapo wanaoona nafuu siku ya kwanza na ya pili, kisha kati ya siku ya pili na ya nne maumivu yanarudi kwa ghadhabu. Yanapiga mpaka sikioni na kwenye kipaji, kinywa kinanuka, na ladha ni mbaya. Ukitazama kwa kioo, shimo liko tupu na mfupa unaonekana mweupe au wa kijivu. Hapa donge limetoka au limeyeyuka kabla ya wakati wake. Waganga wa meno huliita jambo hili shimo kavu.

Kati ya watu 100 wanaong'olewa jino, kwa kawaida wawili hadi watano hupata tatizo hili. Kwa magego ya mwisho ya taya la chini huwa ni wengi zaidi. Wavutaji sigara wako hatarini zaidi, na pia waliong'olewa kwa taabu, waliokuwa na kinywa kichafu, na waliosukutua mapema. Wanawake wanaotumia vidonge vya uzazi wa mpango nao hupata zaidi kidogo. Usiviache vidonge kwa sababu hiyo, ila mwambie mganga wa meno kwamba unavitumia.

Shimo kavu si dalili kwamba mganga ameacha kipande cha jino, ingawa yafaa atazame. Wala halitibiwi kwa kumeza antibayotiki za dukani. Tiba yake ni kurudi hospitali. Mganga huosha shimo taratibu, huweka dawa ndani yake, na mara nyingi mgonjwa hupata nafuu siku hiyo hiyo. Huenda akarudi mara mbili au tatu kubadilishiwa dawa.

Na karafuu yetu je?

Hili ndilo swali la Wapemba, na lina haki ya kuulizwa. Dawa ile anayoweka mganga katika shimo kavu, ukiinusa, utatabasamu. Ni harufu ya jamvi la karafuu mbele ya nyumba yako. Ndani yake mara nyingi mna yujeno, kiini cha mafuta ya karafuu. Yujeno hutuliza mishipa ya fahamu na huua vijidudu. Waganga wa meno duniani kote huitumia, na huichanganya na unga wa oksidi ya zinki kuziba meno kwa muda. Pale Wawi, karibu na Chake Chake, kilijengwa kiwanda cha kutoa mafuta kutoka makonyo, yale yanayobaki baada ya karafuu kuchambuliwa. Kwa hiyo bibi zetu waliotia karafuu katika jino bovu hawakuwa wajinga.

Lakini sikilizeni vizuri. Karafuu katika jino lililotoboka ni jambo moja, na karafuu katika kidonda kibichi ni jambo jingine. Mafuta yake ni makali, na yakiwa matupu huunguza nyama hai. Mganga hutumia kiasi kidogo kilichopimwa, katika shimo alilokwisha kuliosha, na anajua lini ataitoa. Mama anayesaga karafuu na kushindilia unga shimoni anatia vumbi, vijidudu na ukali kwa pamoja. Nimemwona mama aliyeshindilia unga wa karafuu na tumbaku kwa siku nne. Alipofika, ufizi ulikuwa umeungua na kuwa mweupe, na kazi ya kwanza ilikuwa kuchokonoa ule unga kabla hata ya kuligusa shimo lenyewe. Alilia kuliko siku ya kung'olewa.

Basi tukubaliane hivi. Jino likiuma usiku na hospitali iko mbali, punje moja ya karafuu katika tundu la jino inaweza kukufikisha asubuhi. Jino likishang'olewa, karafuu irudi jikoni. Na chupa ya mafuta ya karafuu ifungiwe mahali ambapo mtoto hafiki. Mtoto mdogo akiyanywa, hata kijiko kimoja au viwili vya chai, anaweza kupata degedege, kuzimia na kuharibika ini.

Vitu vingine havina hata utetezi huo: maji ya betri, ugoro, mafuta ya taa, na kidonge cha aspirini kilichowekwa juu ya ufizi. Hivi huunguza na kuleta madonda mapya.

Dawa za kumeza

Paracetamol inatosha kwa wengi. Mtu mzima humeza vidonge viwili vya miligramu 500, na baada ya saa sita anaweza kurudia. Visizidi vidonge vinane katika saa 24. Meza cha kwanza kabla ganzi haijaisha kabisa. Ibuprofen husaidia pia, ila imezwe baada ya kula, wala isimezwe na mjamzito, mwenye vidonda vya tumbo au mwenye ugonjwa wa figo. Aspirini iepukwe kwa kutuliza maumivu haya, maana huzuia damu kuganda. Lakini aliyeandikiwa aspirini kwa ajili ya moyo asiiache bila kumwuliza daktari wake.

Antibayotiki si kwa kila jino. Ukipewa, meza zote mpaka mwisho. Usimpe dada yako nusu, wala usiweke akiba kwa jino lijalo.

Aliyefunga, awe katika maombi kanisani au jirani yetu katika Ramadhani, amwambie mganga mapema. Jino linaloweza kusubiri lisubiri. Lenye usaha na uvimbe lisisubiri.

Nani aseme kabla ya kung'olewa?

Usikae kimya kwa aibu. Mwambie mganga kama una kisukari, shinikizo la damu, ugonjwa wa moyo, siko seli, au kama kwenu kuna watu ambao damu zao hazikatiki upesi. Mwambie kama unatumia dawa za kuyeyusha damu, dawa za kifua kikuu au za kupunguza makali ya VVU. Mwambie kama una mimba. Hakuna kati ya haya linalokunyima tiba. Yanamsaidia kukutibu kwa usalama.

Nasikia bado wapo wanaoamini kwamba mjamzito hang'olewi jino, na kwamba jino la juu likitoka jicho hupofuka. Hasha. Mshipa wa jino si mshipa wa kuona. Na jipu la jino lililoachwa kinywani ni hatari kwa mama mjamzito kuliko sindano ya ganzi. Miezi ya kati ya mimba, kuanzia wa nne hadi wa sita, ndiyo inayofaa zaidi, lakini jambo la dharura hutibiwa wakati wowote. Mama anayenyonyesha naye asiache kunyonyesha kwa sababu ya ganzi.

Kwa mtoto aliyeng'olewa jino, kazi yako kubwa ni kumlinda asitafune mdomo wake uliokufa ganzi na asitie vidole kidondani. Kaa naye saa mbili au tatu za kwanza, na usimpe chakula mpaka ahisi unapomgusa mdomo.

Dalili za kukimbilia hospitali

Ibandikeni orodha hii jikoni:

- Damu isiyokatika baada ya kuuma kitambaa mara mbili.
- Uvimbe unaoongezeka baada ya siku ya tatu badala ya kupungua.
- Homa, kutetemeka, au usaha.
- Kinywa kushindwa kufunguka.
- Ganzi isiyoisha kesho yake.
- Uvimbe chini ya kidevu au shingoni, ulimi kuinuliwa juu, mate kushindwa kumezwa, sauti kubadilika au pumzi kuwa nzito.

Hilo la mwisho ndilo linaloua. Vijidudu vya jino vimeshuka chini ya ulimi na shingoni, na uvimbe unaweza kuziba njia ya pumzi katika muda wa saa chache. Mgonjwa huyo hasubiri asubuhi, hakandwi kwa maji ya moto, hatafutiwi aliyemroga. Mkalishe wima, tafuta gari au chombo, mpeleke Chake Chake, Wete au Abdulla Mzee pale Mkoani, iliyo karibu. Wakisema apelekwe Mnazi Mmoja, ndugu wasianze kikao kirefu. Nauli itatafutwa huku mgonjwa yuko njiani.

Akina mama, sisi ndio tunaokumbuka kidonda cha kila mtu nyumbani. Tunajua mtoto gani amejikata na baba anameza kidonge saa ngapi. Kidonda cha kinywani mwetu tunakisahau kwa sababu hakionekani na mtu. Juma moja la uji uliopoa, maji ya chumvi na kupumzika halitaiangusha nyumba. Ukiwa umelala siku tatu na homa, nyumba hiyo ndiyo inayoanguka.

Ikateni orodha ile ya dalili, mbandike, na mmsomee mwenzenu asiyejua kusoma. Mungu awape afya njema.